Mwaka wa msingi sio wa waliofeli, cha kuogopa ni jina la kozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu kaka mmoja aliyeandika hapa majuzi, anaishi huku Uingereza kama mimi, binti yake kapata nafasi chuo kikuu kusoma digrii ya saikolojia, unasihi (yaani ushauri nasaha) na ukocha (kumsaidia mtu afikie malengo yake) kwa kuanzia mwaka wa msingi, yaani ile faundesheni, na yeye akasema huo mwaka ni wa watoto waliofeli na ni ujanja wa vyuo kula hela za watu mwaka mmoja zaidi. Nimeisoma ile barua mara tatu. Kaka yangu, uchungu wako naujua maana mtoto ni wako, lakini mlango huo mi nimeupita mwenyewe, na nakwambia kwa moyo mweupe kwamba umeogopa kisichoogopesha, halafu kile cha kuogopa hujakigusa kabisa.

Nilianza chuo nikiwa na miaka 38. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu za usiku, miaka 11. Esei ya mwisho kuandika ilikuwa shuleni na hata hiyo sikumbuki ilihusu nini. Sasa mtu kama mimi ungenipeleka moja kwa moja mwaka wa kwanza wa saikolojia ningerudi nyumbani kabla ya Krismasi, sio kwa sababu sina akili, ni kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha jinsi ya kusoma ripoti ya utafiti ukajua wapi mwandishi anasema alichokiona na wapi anasema anachokidhani. Mwaka wa msingi ndio ulinifundisha hicho. Darasani tulikuwa mchanganyiko, kuna wamama wenzangu, kuna vijana waliosoma masomo mengine kabisa wakabadili mawazo, kuna waliougua wakakosa mitihani, na ndio, walikuwepo pia waliopata alama ndogo, sasa kuna ubaya gani? Huku masomo yanahesabiwa kwa ngazi, mwaka wa msingi ni ngazi ya 3, halafu miaka mitatu ya digrii yenyewe ni ngazi ya 4, 5 na 6. Alama za mwaka wa msingi kwa kawaida haziingii kwenye daraja la digrii lakini usipofaulu huendelei, kwa hiyo asije mtu akafikiri ni mwaka wa kupumzika.

Na kitu kinachowashtua wengi ni takwimu. Watu wanakuja wakidhani saikolojia ni kukaa na kusikiliza shida za watu, wiki ya pili tu wanakutana na wastani, grafu na ile hesabu ya kupima kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati, basi wengine wanakata tamaa hapohapo. Mi pia niliogopa. Kilichonibakisha ni lekcha moja kuhusu utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, na naomba niueleze kidogo maana ulinibadilisha.

Waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, halafu wakawauliza magari yalikuwa yanaenda spidi gani, ila kwenye swali wakawa wanabadilisha neno moja tu. Wengine waliulizwa magari yalipogongana, wengine yalipogusana, wengine yalipobamizana. Walioulizwa kwa neno zito la kubamizana walikadiria kama maili 41 kwa saa, walioulizwa kwa neno la kugusana wakasema kama 32. Filamu ni zilezile! Kwenye jaribio lao la pili wakachukua watu 150, baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vimevunjika, na kwenye ile filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika, lakini kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno zito 16 walisema ndio waliona, na kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana ni 7.

Mhariri, siku ile nilitoka darasani miguu haina nguvu. Miaka mingi nyuma nikiwa kazini kuna bibi mmoja nilimkuta ameanguka chumbani, na mi kwa wasiwasi wangu nikamuuliza, bibi nani kakusukuma? Sikumuuliza imekuwaje. Nilimuuliza nani. Kesho yake akawa anasema amesukumwa, mfanyakazi mwenzangu mmoja akahojiwa akateseka sana, na hadi leo mi sijui kama yule bibi alisukumwa kweli au mkono uliomsukuma niliuweka mimi kwa swali langu. Hayo ndio mambo ambayo mwaka wa msingi ulinipa kabla hata sijafika mwaka wa kwanza. Anayetaka kuwa mnasihi asijue kwamba swali linaweza kupanda kumbukumbu kwa mtu aliyeumia ni hatari kwa watu, na hilo hulijui kwa kuwa na roho nzuri peke yake, unalijua kwa kusoma namba, hizohizo zinazoogopwa.

Kwa hiyo kaka, huo mwaka mwache binti ausome. Kuhusu hela umesema kweli kwamba deni linakua, siwezi kukataa. Ila jueni kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 serikali iliweka kikomo cha ada kwa wanafunzi wa nyumbani pale England, faundesheni za masomo ya darasani tu, kama biashara na sayansi za jamii, zisizidi pauni 5,760 kwa mwaka, na zile nyingine kikomo kwa mwaka huo kilikuwa pauni 9,535 sawa na digrii ya kawaida, sasa uliza chuo kozi ya binti ipo kundi gani. Wanaokuja kama wageni kutoka nje kikomo hicho hakiwahusu, wao ada ni juu zaidi. Na mwaka wa msingi ukiwa umeungwa ndani ya digrii, mkopo wa serikali unaufunika kwa mwenye sifa, na kwa wanaoanza sasa marejesho ni asilimia 9 ya kile unachopata juu ya kiwango kilichowekwa, ukiwa chini yake hukatwi. Basi, hela tuziache hapo.

Sasa nije kwenye kile cha kuogopa, nacho ni jina la kozi yenyewe. Saikolojia, unasihi na ukocha. Mtu akilisoma hilo jina anaona vyeti vitatu ndani ya kimoja. Mi ndivyo nilivyoona. Siku ya wazi ya chuo, chuo chenyewe sikitaji, walituambia mtajifunza stadi za unasihi, na masikio yangu yakasikia mtakuwa wanasihi, nami sikuuliza swali hata moja kwa sababu nilikuwa na furaha sana na aibu kidogo ya umri wangu. Mwaka wa tatu wa digrii, wa nne kwa jumla, ndipo nikaenda kumuuliza mwalimu nianze lini kukaa na wateja, akaniangalia kwa huruma akaniambia kozi hii haina mazoezi na wateja halisi, hapa mnafanyiana zoezi wenyewe kwa wenyewe darasani. Nililia chooni siku ile. Miaka minne! Sio kwamba walidanganya, ukirudi kusoma maelezo yao utakuta wameandika stadi za unasihi, ila wanajua kabisa mtu anayeingia anatafuta nini na hakuna aliyemkalisha mtu chini akamwambia.

Maana kila neno kwenye hilo jina lina barabara yake. Saikolojia kwanza. Kama binti anataka siku moja awe mwanasaikolojia wa hospitali au wa shule au wa magereza, digrii yake inatakiwa iwe na ithibati ya British Psychological Society (BPS), chama cha wanasaikolojia wa huku, na amalize angalau na daraja la pili la chini, hapo anakuwa na msingi wa kuendelea na masomo ya juu, mara nyingi udaktari wa miaka mitatu. Digrii isipokuwa na hiyo ithibati itabidi asome shahada ya pili ya kujazia pengo. Na digrii zenye jina la kufanana na hili zipo zenye ithibati na zipo zisizo nayo, kwa jina tu huwezi kuzitofautisha.

Unasihi nao ni habari nyingine. Chama kikubwa cha wanasihi huku, BACP, kinataka mafunzo ya kukaa darasani angalau mwaka mmoja kwa muda wote au miwili kwa muda wa ziada, na ndani yake masaa yasiyopungua 100 na wateja wa kweli chini ya msimamizi. Hapo usihesabu kukaa na mwenzako darasani anayejifanya ana huzuni. Baadhi ya kozi zinakutaka na wewe mwenyewe uende kwa mnasihi wako kwa muda wote wa mafunzo, kwa gharama yako, na mi naliunga mkono kabisa hilo ingawa linauma mfukoni, kwa sababu usipojua pa kwako panapouma utampeleka mteja kote isipokuwa hapo.

Ukocha ndio mwepesi kuingia, na hapo ndipo roho inaniuma. Chama cha kimataifa cha makocha, ICF, kina ngazi zake, ile ya chini inataka masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kufanya kazi yenyewe, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupita huko. Watu hawajui hili jamani: huku Uingereza neno mnasihi halilindwi na sheria, kocha halilindwi, hata neno mwanasaikolojia likisimama peke yake halilindwi. Yanayolindwa ni majina kama mwanasaikolojia wa tiba au mwanasaikolojia wa unasihi, hayo tangu 2009 lazima uwe kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya, ndio uyatumie. Maana yake mtu anaweza kumaliza digrii ijumaa, jumatatu akaweka bango na kuanza kupokea watu waliofiwa, waliobakwa, waliokata tamaa ya kuishi, na sheria ikamwangalia tu.

Na wapo wanaofanya hivyo. Nimekutana na mama mmoja aliyefiwa na mtoto, alienda kwa mtu anayejiita kocha wa maisha, akaulizwa malengo yako ya miezi mitatu ni yapi. Malengo! Mtoto ana wiki sita kaburini. Siupingi ukocha, kwa mtu aliye mzima anayetaka kubadili kazi au kujipanga ni msaada mzuri sana, anakusaidia uone unakotaka kwenda na hatua ya kwanza ni ipi, lakini kocha aliyefundishwa vizuri moja ya vitu vya kwanza anavyojifunza ni kutambua mtu ambaye hapaswi kubaki kwake, ampeleke kwa mnasihi au daktari. Yule hakujua. Hakuwa mtu mbaya, hakujua tu, na sioni tofauti kwa huyo mama. Kwa kweli sielewi kwa nini vyuo vinaweka maneno haya matatu pamoja kwenye jina moja bila kuandika kwa herufi kubwa kwamba ukimaliza hapa bado hujawa mnasihi, na nasema waziwazi kwamba ni makosa na wanatakiwa wairekebishe hiyo.

Baada ya digrii mi ilibidi nianze upya stashahada ya unasihi ya miaka miwili, jioni na wikiendi, mchana nipo kazini. Sijutii digrii. Mwaka wa msingi ndio siujutii kabisa, ule utafiti wa magari na yule bibi nakaa nao kila ninapofungua mdomo kuuliza swali. Ila hii miaka miwili ningeipanga mapema ningejua, ningeweka akiba, ningechagua chuo kingine pengine.

Kwa hiyo kaka, kabla binti hajathibitisha nafasi, mwambie akiandikie chuo barua pepe yeye mwenyewe, awaulize digrii hii ina ithibati ya BPS au haina, na kama inayo je inabaki kuwa nayo kwa anayeanzia mwaka wa msingi. Awaulize kuna masaa mangapi na wateja wa kweli, na nani anamtafutia hiyo nafasi ya mazoezi, chuo au yeye. Awaulize wanafunzi waliomaliza ni vyama gani vimewapokea na kwa kiwango gani cha uanachama. Wamjibu kwa maandishi na hiyo barua pepe aitunze. Wakijibu kwamba hakuna masaa ya wateja asiikimbie kozi kwa sababu hiyo tu, ni kozi nzuri ya kumjua binadamu, ajue tu kwamba baada yake kuna safari nyingine ya miaka miwili hivi na aanze kuihesabia leo.

Mi kwa sasa nina masaa 63 kati ya yale 100, na alhamisi jioni nina mteja.

Msomaji wenu,
Uingereza