Kwa shoga yangu wa Muheza

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

U hali gani, na watoto je? Sisi huku wazima, mvua tu imetufungia ndani tangu adhuhuri. Ndipo nikapata nafasi ya kukuandikia kwa kituo.

Uliponiambia umeitoa Windows kwenye kompyuta ya steshenari ukaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama huu wangu, nilifurahi kwelikweli. Ila ukamalizia, "Sasa niko salama." Neno hilo limenikaa wiki nzima. Vile virusi vya flashi vilivyokuwa vikitufichia mafaili ya wateja vitakupungukia, sikatai. Lakini sikiliza yaliyonikuta mwezi wa pili.

Kijana alikuja kuprinti barua ya kazi. Alikuwa ameituma kwa WhatsApp, nikamwachia kiti aitafute mwenyewe penye mafaili yaliyopakuliwa. Nikawa nakata karatasi. Nikaona kimya kimezidi. Kugeuka, kafungua cheti cha talaka cha mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu, nilichokiskani siku tatu nyuma na sikukifuta. Hakusema neno. Alilipa mia tano yake akaondoka. Mwalimu yule hunisalimia kila asubuhi akipita, na hadi leo sijapata mdomo wa kumweleza. Linux ilikuwa humohumo, mwenzangu, na haikumsitiri.

Tangu siku hiyo wateja wanatumia akaunti ya mgeni. Mint inayo, ila huja imezimwa. Nenda kwenye mipangilio ya skrini ya kuingilia, sehemu ya watumiaji, uiruhusu. Mteja akimaliza unatoka kwenye akaunti hiyo, na kila alichokiacha kinafutika: vitambulisho vya NIDA, vyeti, hata WhatsApp aliyosahau kutoka. Ila ukiifunga skrini bila kutoka kwenye akaunti, vitu vinabaki, kwa hiyo jizoeze kutoka kabisa. Na yale mafaili ya zamani kwenye akaunti yako, ukishayafuta kumbuka kumwaga na pipa la taka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sioni kwa nini wenye steshenari tujione hatumo.

Sasa lile la printa, ambalo ndilo lililonitia hofu hasa. Ulisema umepata mahali amri ndefu inayoanza na sudo, ya kubandika kwenye terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, ili Epson yako ikubali. Usiibandike. Ukishaandika sudo na nywila yako, umemkabidhi aliyeitunga amri ile funguo za nyumba nzima. Anaweza kuweka kitu kinachosoma kila unachoandika, na akaunti ya mgeni haitakuokoa hapo.

Tafuta kwanza kwenye ghala la programu la Mint yenyewe. Andika printer-driver-escpr kwenye kile kidirisha cha kuweka programu. Hiyo ndiyo diraiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa, ya Epson nyingi. Orodha ya vifurushi, yaani programu za ghala, hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa watunzaji wake, na apt, chombo cha Mint cha kuweka programu, huikagua kabla ya kuweka chochote. Mtu akichezea kifurushi njiani, namba yake ya uhakiki haikubaliani na ile iliyo kwenye orodha, na apt hukataa. Amri ya kuokota haina mlinzi huyo.

Hata Mint wenyewe yaliwafika. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti yao wakaelekeza watu kwenye nakala ya Mint 17.3 Cinnamon iliyotiwa mlango wa siri. Aliyelinganisha ile namba ndefu ya uhakiki, inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na iliyotangazwa rasmi aliweza kuigundua. Je, wewe uliikagua nakala yako? Najua fundi alikuletea kwenye flashi. Simsemi vibaya, lakini mimi ningetaka kuiona ile namba kwa macho yangu.

Na ile ngao ndogo ya masasisho kwenye kona ya chini kulia, ikionyesha alama, ibonyeze usasishe. Bando linauma, najua, lakini matobo hayazibiki kwa kuyaangalia.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Nitabeba nakala niliyoikagua mwenyewe, na ikibidi kuweka upya tutaisimba diski siku hiyohiyo, yaani mwizi akiiba kompyuta asiweze kuisoma bila nywila, kwa kuwa uliniambia mlango wa duka lako una kitasa kimoja tu. Wewe hamishia kazi zako muhimu kwenye flashi, na printa iache kama ilivyo mpaka nifike.

Nisalimie Mama.

Ni mimi shoga yako