Meno yameshanyooka, mbona waya hamtoi?

Wiki iliyopita mama mmoja alitutumia ujumbe WhatsApp saa nne usiku: "Meno ya mwanangu yamenyooka tangu Juni. Mnasubiri nini zaidi ya hela yangu?" Si wa kwanza. Swali hilo halipiti mwezi bila kuletwa kliniki, mara nyingi kwa hasira, kwa hiyo acha tulijibu hapa, na wengine walisome.

Mama, ulichokiona ni kweli. Akicheka, meno ya mbele yako kwenye mstari. Lakini tulimpa karatasi ya rangi aume, ile nyembamba ya bluu. Kulia alama zilijaa magego yote. Kushoto zilitokea mbili tu. Upande huo meno ya juu na ya chini hayajakutana, kwa hiyo anatafunia kulia. Eksirei ya taya zima ikaongeza lingine: chonge cha juu kimesimama vizuri kwa nje, ila mzizi wake umelalia jino la jirani.

Hapo tunabandua braketi, kile kidude kinachobandikwa kwenye jino kushika waya, kama imekaa kombo, na kuibandika upya, au tunakunja waya kwa koleo, nusu milimita. Kisha tunasubiri wiki nne hadi sita mfupa ufuate. Mteja haioni hiyo nusu milimita. Anachokumbuka ni kwamba alikaa kitini dakika ishirini akalipa elfu hamsini.

Kwetu Arusha kuna la ziada. Wengi tumekulia maji yenye floraidi nyingi, na jino lenye madoa ya kahawia halishiki gundi kirahisi. Braketi inang'oka, mtu anakaa nayo wiki tatu kimya kwa sababu "haliumi", na jino linaanza kurudi lilikotoka. Iliyong'oka yenyewe tunabandika bure. Iliyong'olewa na mahindi ya kuchoma utalipia, na mahindi tunayajua, huwa yanaacha ushahidi.

Na vipira, vile vidogo vinavyonasa braketi za juu na za chini ili meno yavutane? Tunasema vivaliwe mchana na usiku, uvitoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Mtu anakuja na vipira vipya vinang'aa, kavivaa kwenye daladala akija kwetu. Kisha analalamika kwamba miezi inaongezeka.

Njia ya mkato ninayoiogopa zaidi ni ya kutolewa waya kwingine. Kuna binti alikuwa amebakiza kama miezi mitatu, sendofu ikamkaribia. Tulimsihi asubiri, akakataa. Akaenda sehemu, wakamtoa siku hiyo hiyo kwa laki moja. Riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi baada ya waya kutoka, hakupewa, wala hakuambiwa kwamba ipo. Sasa, nyuzi za fizi zinazolishika jino huweza kuchukua hata mwaka kuzoea mkao mpya, na muda wote huo zinalivuta kule lilikokuwa. Picha za sendofu zilitoka nzuri, nilizipenda. Miezi mitano baadaye alirudi kwetu, mwanya wa mbele umefunguka na meno mawili ya chini yamepandana. Tulianza upya, juu na chini, kwa bei kamili. Aliyelipa ni mume.

Bei yetu ni kubwa kuliko ya wengine mjini, hilo sikatai. Ndani yake kuna riteina mbili na mwaka mmoja wa kuja kukaguliwa baada ya waya kutoka. Ukilinganisha, uliza kwanza kama na hao wengine wameziweka.

Ila mteja naye ana haki yake. Ukiambiwa "bado kidogo", uliza ni jino lipi na limebakiza nini. Daktari asiyeweza kukuonyesha, mhoji. Sisi wenyewe tulikosea kwa mama huyu: tuliona yote hayo kwenye eksirei, tukampa tarehe ya kurudi tu.

Mama, njoo naye Jumamosi kabla ya saa sita. Karatasi ya bluu utaishika wewe mwenyewe, yeye aume.