Kwa mchango waligonga, kwa mazishi hawakugonga

Anti, shikamoo. Ni saa nne asubuhi, nimetoka lindoni na usingizi umegoma. Umegoma tangu msiba ule.

Unazijua nyumba zetu hizi za Gongo la Mboto, vyumba vinatazamana, choo kimoja, luku moja ya kugombania. Mtu akikohoa wote mnasikia. Sasa mama wa vitumbua, chumba cha mbele, amefia hospitali alfajiri, kaswaliwa adhuhuri, kazikwa, mimi nimo ndani nimelala. Hakuna aliyegonga mlango. Nilikuwa nimeunganisha zamu, mwenzangu aliugua, nikalala fofofo. Naamka saa kumi nakuta mikeka uani na wanaume wamerudi makaburini. Mmoja ananiambia, "Kumbe upo? Tulijua ulishahama."

Kesho yake ndiyo wakagonga. Mchango, elfu tano kila chumba. Nikatoa palepale. Kwenye daftari wakaandika "chumba cha nyuma".

Mimi si mtu wa majivuno, salamu natoa. Ila jioni natoka na sare kwenye begi, maana mtaani wakijua chumba chako hakina mtu usiku, utarudi ukute kitasa kimeng'olewa. Kwa hiyo sitaki wanijue mambo yangu. Lakini kumgongea mtu mlango kwenye msiba kunataka mjuane? Yule mama ndiye alikuwa ananiuliza, "Umeamkaje, baba?" na nadhani alijua kabisa kwamba sijalala. Vitumbua vyangu aliviweka pembeni, hata kwa mkopo. Siku ile sikumkuta barazani, nikasema leo kachelewa.

Halafu kuna mke wangu, yuko Kilosa na watoto. Anajua mimi ni mtunza stoo. Sikumdanganya, nilimwambia nimepata kazi kwenye ghala huku Barabara ya Nyerere, hiyo stoo kaiongeza yeye na kuwatangazia ndugu zake. Miaka yote nilimwambia safari ni ndefu, na watoto wadogo. Lakini tangu 2024 kuna treni ya umeme, kwao ipo stesheni, na huku Pugu ni jirani tu na kwangu. Anataka kuja.

Usinishauri nimweleze ukweli wa kazi, hilo nitalimaliza mwenyewe, ulinzi si wizi. Ninachowaza ni akifika mimi bado niko lindoni, akauliza kwa baba fulani ni wapi. Nani atamwonyesha? Si watamwambia alishahama?

Nimzuie? Au nianze kukaa barazani na watu walewale ambao hawakunigongea? Maana mdomo wa kuwachekea sina. Kuhama nako siwezi, kodi ya miezi sita nimeshalipa. Nijibu mapema, anti, tiketi anakata mwisho wa mwezi. Na jina langu naomba lisitoke.