Barua kwa Mjomba, Kuhusu Bangili ya Bendera

Mjomba, shikamoo.

Ule ujumbe wako wa siku ya Jamhuri niliuona. Picha ya mkono wako, bangili ya bendera ya Kenya, shanga nyeusi, nyekundu na kijani zilizotenganishwa kwa nyeupe, na chini yake maneno: asiyevaa rangi za nchi yake leo, na ajiulize yeye ni wa wapi. Hukutaja mtu. Lakini ukoo mzima unajua nani havai, na Mama alinipigia simu kabla sijamaliza kusoma. Nakujibu hapa, mbele ya watu, kwa kuwa kwenye kundi la ukoo mkubwa akishasema, wadogo hubaki kutuma vikono vya dua, na mazungumzo huishia hapo.

Na bangili yenyewe sina ugomvi. Ni kazi nzuri, hasa zile zinazotungwa na akina mama wa Kimaasai, ingawa (hili litakuudhi) shanga za kioo wanazozipenda mafundi hao kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka Ucheki. Na Faith Kipyegon alipojitanda bendera Paris mwaka 2024, baada ya kushinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya tatu mfululizo, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nisichokubali ni hayo maneno yako ya mwisho. Ajiulize ni wa wapi? Sisi watu wa Mwambao hatujapata hata nafasi ya kujiuliza, maana huulizwa. Mdogo wangu alipotimiza miaka kumi na minane, wenzake aliosoma nao bara walipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, wakangoja kipande chao. Yeye, kwa jina lile na sura ile, aliambiwa alete kitambulisho cha babu, kisha akapigwa msasa mbele ya chifu na wazee. Babu yako kazikwa wapi? Hapa mlikuja lini? Nani wa kushuhudia kabila lenu? Babu kazikwa Mombasa, Mjomba, kwenye makaburi ambayo wewe mwenyewe hutupeleka kusoma Fatiha.

Na kwenye ofisi ya mtaa mwingine, katika benchi la wazee kama lile, ulikuwa ukikaa wewe. Najua hukuwa mkali. Wapo watoto waliopita kwa sababu ulisema tu, "Huyu namjua." Lakini mkononi ulikuwa na bangili, na kijana aliyesimama mbele yako hakuwa na ruhusa ya kukuuliza babu yako ametoka wapi. Angeuliza, ungelazimika kumsimulia habari za jahazi lililomleta kutoka Barawa, Somalia.

Wafikirie Wamakonde wa Kwale. Walifanya kazi kwenye miwa na mkonge tangu enzi za ukoloni, wakazaa, wakazikana, na bado hawakuhesabiwa. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumdai Rais Uhuru Kenyatta uraia wao, na 2017 ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Miaka yote hiyo wangeweza kununua bangili kama yako siku yoyote waliyotaka. Hakuna duka linalodai kitambulisho ili likuuzie bendera.

Nyanya, yaani mama yako, alizaliwa chini ya bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Ilipepea Fort Jesus kwa sababu ukanda wetu wa pwani, wa maili kumi, Waingereza waliukodi tu mwaka 1895, haukuwa mali yao. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, ukanda ukaingia Kenya, na Desemba 12 bendera hii ya sasa ikapandishwa. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU, chama cha Kenyatta. Watu wengi wa kwetu walikuwa upande wa chama pinzani, KADU ya Ronald Ngala, wakitaka utawala wa majimbo, na wengine wakitaka Mwambao usimame peke yake. Basi wakapewa rangi za chama kilichowashinda, pamoja na mistari myeupe ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ni amani. Wakazipokea. Nyanya hakuvaa bangili hata siku moja, wala hakukosa uchaguzi hata mmoja, na miaka ya mwisho alikuwa akienda na mkongojo, akikataa katakata kupishwa foleni. Wale vijana waliokuja baadaye na kauli ya "Pwani si Kenya" uliwaita wasaliti. Mimi sikukubaliana nao, lakini ningekuwa nimesimama mbele ya meza ya msasa kama ile mara kadhaa, sijui ningeandika nini ukutani.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana wakajaa barabarani, Nairobi, Mombasa na kwingineko, kuupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, bendera mabegani, wimbo wa taifa midomoni. Wachuuzi wakauza bendera, filimbi na maji. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na siku ya pili yake Rais Ruto akatangaza hatautia saini mswada huo. Kufikia Julai mosi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Jioni ya tarehe 25 ulimpigia simu mdogo wangu, ukamwamuru avue bangili asije akadhaniwa mwandamanaji. Ile ile uliyomnunulia wewe, kwa mkono wako, ukimwambia asiivue.

Sikulaumu kwa kumhofia, hata mimi nilimhofia. Ila hebu tazama jambo lenyewe. Siku ya Jamhuri unamtilia shaka asiyeivaa, na Juni ile ulimtilia shaka anayeivaa. Na wakubwa waliokuwa wakiwakemea vijana hao, wengi wao hawatoki nyumbani bila bangili hiyo au beji ya bendera kwenye kola ya koti. Kama rangi hizo zinaweza kukaa kwenye mkono unaotia saini kodi, na kwenye mkono unaorusha chupa ya maji kuipinga kodi hiyo, basi haziwezi kukuambia lolote juu ya mwenye mkono. Itabidi uulize habari zake nyingine.

Kwa magari sheria ilishaamua: bendera ni ya wachache, Rais na wenzake wa ngazi za juu, na mwaka 2014 hata magavana wakazuiwa, wakanuna kweli kweli. Kwenye kifundo cha mkono hakuna ngazi, na hilo ndilo ninalolipenda katika bangili kuliko kitu kingine. Mpaka aje mzee mmoja na simu yake aanze kupanga watu, nani ameivaa na nani hakuivaa.

Sasa nina ombi. Februari 2025 Rais alitia saini, huko Wajir, agizo la kuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani. Hapa mtaani kwetu, binti wa jirani bado anaambiwa alete kitambulisho cha babu, na huyo babu alifariki kabla mama yake hajaolewa. Wazee wa ofisi ile unawajua wote, na wao wanakujua. Alhamisi nakwenda naye. Njoo, Mjomba, saa mbili asubuhi kabla foleni haijafika barabarani, na ulete nakala ya kipande chako. Bangili ukitaka ivae. Ila safari hii keti upande wetu wa meza.