Mheshimiwa, wapangaji wa Nyalenda nao wahesabiwe

Kwako Mheshimiwa unayesimamia upanuzi wa barabara za mitaa yetu, Kisumu.

Salamu kutoka Nyalenda. Barua zetu za awali hazikujibiwa, basi hii tumeiweka hadharani, pengine huku utaiona mapema. Juma lililopita vijana wenye makopo ya rangi nyekundu walipita wakichora X kwenye kuta. Tulipouliza ni nani aliyewatuma, tukaambiwa twende ofisini. Ofisini tukaambiwa tumwone chifu. Chifu naye aliziona alama hizo siku moja na sisi.

Hatupingi barabara. Mto Auji ukifurika maji huingia hadi chini ya vitanda, kwa hiyo mfereji na lami tunavitaka pengine kukushinda wewe. Tunachopinga ni jinsi mnavyohesabu watu wa kulipwa fidia nyumba zikibomolewa.

Nyalenda na mtaa jirani wa Manyatta si Kibera ya Nairobi. Ardhi nyingi hapa ina hati. Ni mashamba ya familia yaliyomezwa na mji mipaka yake iliposogezwa miaka ya 1970. Kwa hiyo wataalamu wako wakifika humtafuta mwenye ploti, wakapima nyumba yake, wakahesabu miembe yake, wakaondoka. Nyuma ya nyumba hiyo kuna vyumba vya udongo na mabati, kila kimoja na familia inayolipa kodi. Hao hawapimwi, hawaandikwi. Mwembe una safu yake kwenye fomu, mpangaji hana.

Na mwenye ploti pia msidhani anacheka. Mara nyingi hati ingali na jina la babu aliyefariki zamani. Kabla fidia haijatoka panatakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, kesi ya mirathi kortini, tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla usimamizi haujathibitishwa. Mrithi mmoja akiwa Mombasa na hataki kutia sahihi, pesa zinalala. Tingatinga halingoji mirathi.

Turudi kwa mpangaji. Karani wa kuhesabu huja kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Saa hizo mama yuko Kibuye akiuza omena, baba yuko mjengoni, watoto wako shule. Mlango una kufuli, karani anapita. Tarehe ya mwisho ya kuandikishwa ikishapita, aliyekuwa kazini anahesabiwa kuwa mtu aliyejileta baadaye kutafuta fidia, hata kama amelipa kodi ya chumba hicho miaka yote. Wachache wanaoandikwa nao hukwama mbele: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la ndugu, halilingani na kitambulisho, malipo yanarudi yalikotoka na hakuna anayepiga simu kueleza.

Tunashuku sababu ni bajeti. Wapangaji wakiingia kwenye orodha, gharama ya mradi inapanda, na kuna mtu asiyetaka ipande. Kama si hivyo, tueleze ni nini.

Kuhama si bure, Mheshimiwa. Chumba cha shilingi 2,500 kinadai kodi ya mwezi wa kwanza na deposit ya kiasi hicho hicho. Hiyo ni 5,000 kabla ya mkokoteni. Tena familia nyingi zikitafuta vyumba juma moja, wenye nyumba wa mitaa ya jirani hupandisha kodi. Anayeuza mboga anapoteza pia wateja wanaomlipa mwisho wa mwezi, na madeni yaliyo kwenye daftari lake hayamfuati huko aendako.

Halafu mabati. Fundi mmoja na wasaidizi wawili, wakipewa siku nzima, wataling'oa paa msumari kwa msumari. Bati litazibwa matundu na kuezekea tena, mbao zitatumika, mlango utatoka na fremu yake. Tingatinga likitangulia, bati hilo hilo linakunjika na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Sheria ya Ardhi inalijua hili. Kifungu cha 152G, kilichoongezwa mwaka 2016, kinataka wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Na kama mnasema tumekaa kwenye ardhi ya umma, kifungu cha 152C kinadai notisi ya angalau miezi 3, katika Gazeti Rasmi, katika gazeti linalosomwa nchi nzima na redioni. Kopo la rangi halimo. Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya Mitu-Bell ya Januari 2021, ilisema hata waliojenga makao kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayolindwa. Sembuse anayelipa kodi kila mwezi?

Kwenye baraza ulituahidi kwamba hakuna atakayeachwa nje, ukatuambia tujiandikishe kwa nyumba za bei nafuu. Asante. Sheria ya mwaka 2024 inatenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na hapo ndipo wengi wetu tulipo. Lakini nyumba hizo zitakuwa tayari lini, na tutalala wapi kabla ya hapo? (Nani pia atatuonyesha pa kukaangia samaki kwa jiko la makaa kwenye ghorofa ya tatu?)

Ombi letu ni moja. Makarani warudi jioni baada ya saa kumi na mbili, na Jumapili, waandike kila mpangaji kwa jina, kitambulisho na namba ya simu iliyo kwa jina lake. Orodha ibandikwe kwenye kioski cha maji na ofisini kwa chifu, tuipitie, tuisahihishe. Mpaka hapo mashine isiwashwe. Tunarudia: isiwashwe kabla ya orodha.

Tunasubiri jibu la maandishi, lenye muhuri.

Sisi wapangaji wa Nyalenda