Mhariri, tulikuwa twaomboleza, si kuabudu shetani

Ndugu mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile lilipokuwa likitufikia Malindi mchana na basi la kutoka Mombasa, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mmekosea majina ya vijiji vyetu, nikanyamaza. Mkaweka picha ya Watamu mkaandika chini Malindi, nikanyamaza. Lakini ile habari ya ukurasa wa pwani kuhusu "watu wa nguo nyeusi" waliokutana usiku ufukweni alipokufa Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa bendi ya hevi metali ya Black Sabbath, mkasema ati twaabudu shetani, wallahi hii imenishinda. Niliirudia kuisoma nikidhani labda mimi ndiye sijaelewa, kumbe nimeelewa vizuri kabisa.

Sasa mimi nilikuwepo. Mwandishi wenu hakuwepo, au kama alikuwepo basi alisimama mbali sana, manake kila kitu amekiona upande. Hizo nguo nyeusi ni fulana za bendi, na si wote, mmoja wetu alivaa jezi ya Aston Villa ambayo kwa taarifa yenu ni rangi ya damu ya mzee na buluu. Mishumaa aliyoiona ni kwa sababu stima ilipotea kama kawaida, kwani yeye kwake akiwasha mshumaa huwa aabudu nini? Moshi ulikuwa wa jiko la makaa. Mnyama wa kafara alikuwa pweza, tulimnunua kwa wavuvi tukamtia ndimu na pilipili, na hakuna aliyesoma dua yoyote isipokuwa bismillah, na yule mwenzetu Mgiriama akaomba kwa njia yake kabla hajala. Tulikuwa wavuvi wawili, mwalimu mmoja, jamaa aliyekuwa DJ hotelini siku za nyuma watalii wakiwa wengi, na mimi dereva wa tuktuk. Watu wazima wenye mvi, tumekaa kwenye mchanga twasikiliza simu iliyowekwa ndani ya sufuria ili sauti itoke.

Na mwandishi kama angeuliza tungemwambia twamlilia nani. Ozzy alifariki tarehe 22 Julai 2025, ana miaka 76, na siku 17 kabla ya hapo, tarehe 5, alikuwa jukwaani Villa Park, uwanja ulioko mtaa ule ule wa Aston, Birmingham, alikokulia maskini. Hakuweza kusimama. Alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka mwili, alitangaza mwenyewe mwaka wa 2020, basi akaimba amekaa kwenye kiti cha enzi cheusi, anataka kuinuka mwili wakataa, na uwanja mzima wamlilia. Pesa za shoo ile zilikuwa za misaada, ikiwemo hospitali ya watoto ya Birmingham na utafiti wa huo huo ugonjwa wa Parkinson. Sisi tulichangishana bando tukatazama vipande vipande. Mmoja wa wale wavuvi babake ana ugonjwa huo wa kutetemeka, amlisha kwa kijiko kila jioni, na yeye ndiye aliyelia kuliko sote. Hilo mwandishi wenu hakuliona.

Mkaandika ati ni "mwanamuziki wa Marekani aliyekula popo katika ibada". Mhariri, hata hamkuangalia? Ni Mwingereza. Na popo habari yake yajulikana dunia nzima, ilikuwa Januari 1982 mji wa Des Moines, shabiki alimrushia jukwaani, Ozzy akadhani ni mdoli wa mpira akamng'ata kichwa, kisha akakimbizwa hospitali akadungwa sindano za kichaa cha mbwa. Ibada gani hiyo ya kuishia kwenye sindano? Simfanyi malaika, alikuwa mlevi wa kupindukia na madawa alikula, mwenyewe alikiri, na kuna kisa cha njiwa aliyemng'ata kichwa, ambacho mimi sikitetei. Lakini misalaba ile waliyovaa Black Sabbath shingoni ilichongwa na babake Ozzy, mfanyakazi wa kiwandani, na ilikuwa ya kuwakinga. Jina lenyewe la bendi walilitoa kwenye sinema ya kutisha ya Mtaliano, na Malindi hii tukianza kuogopa vitu vya Wataliano itabidi tufunge nusu ya mji.

Mimi nilimjua kupitia hao hao Wataliano. Ami yangu alikuwa mpishi kwenye kituo chao cha San Marco kule Ngomeni, wakati wakirusha maroketi kutoka kwenye ile mitambo baharini. Ndiko ilikoruka ile setilaiti waliyoiita Uhuru, 12 Desemba 1970, na mwaka huo huo wa 1970 Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza na ya pili. Fundi mmoja wa kizungu alipomaliza mkataba wake akamwachia ami redio kaseti na mfuko wa kanda. Nyingine zote zilikuwa za mapenzi ya Kitaliano, moja ikawa ni ya Black Sabbath. Nilipoiweka mara ya kwanza nilidhani betri zaisha, vile gitaa lilivyokuwa zito na la pole pole. Baadaye sana ndio nikajua kwa nini. Yule mpiga gitaa, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, na yeye apiga kwa mkono wa kushoto kwa hivyo ni vidole vya mkono wa kulia vinavyobana nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akabandika ngozi juu, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize, na huo mlio mzito wa kulegea ndio muziki mzima wa hevi metali ulikotokea. Ni kazi ya jua kali hiyo! Na Ozzy alikuwa kijana wa machinjioni. Sasa mtu wa Gikomba au wa Majengo asielewe muziki huo, aelewe nani?

Basi nawaeleza kilichonipata, manake nyinyi mkishachapa mwaendelea na maisha yenu. Nyuma ya tuktuk yangu paliandikwa OZZY kwa rangi nyeupe tangu niliponunua, na miaka yote watu walidhani ni jina la mtoto wangu, hata kuna mama mmoja wa sokoni huniita Baba Ozzy. Hakuna aliyelalamika. Habari yenu ikatoka, mtu akaipiga picha, ikaingia WhatsApp za makanisa na za misikiti pia, tusidanganyane. Nikabeba abiria, mama mtu mzima na mizigo yake ya soko, aenda Muyeye. Tumefika Barani nikamwona kwenye kioo atazama simu, kisha atazama shingo yangu, kisha simu. Akaanza kuomba. Kwa sauti! "Shindwe! Shindwe!" na mimi naendesha, sijui kama ni mimi nishindwe au ni injini. Nikasimamisha kumuuliza mamangu vipi, waumwa? Akashuka na vikapu vyake vyote, nyanya zamwagika barabarani, nataka kumsaidia kuokota aniambia nisimguse. Nauli hakulipa na sikumdai, ningemdaije mtu anayenikemea. Nikarudi stage nikakuta habari zimefika kabla yangu, mwenyekiti aniambia babu eeh, mimi najua hakuna kitu, lakini toa hayo maandishi, tukikosa wateja twakosa sote. Nikatoa. Kwa msasa, mwenyewe, jua la saa saba. Pamebaki doa jeupe la ajabu ambalo sasa ndilo lauliziwa zaidi kuliko jina lenyewe. Na hapo kwenye foleni mbele yangu kuna tuktuk imechorwa bunduki ya Kirusi na nyingine imechorwa joka lenye vichwa viwili, hao hakuna aliyewagusa, abiria wapanda tu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, mhariri, tafadhali msiikate hii sehemu. Neno shetani mwalitumia kirahisi sana. Nchi hii mwaka wa 1994 Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani, vijana wakawa waogopa hata kuvaa pete. Sawa. Lakini nyinyi mwaandika kutoka Malindi! Malindi! Mji uliokaa na yule mhubiri Paul Mackenzie miaka na miaka, ahubiri mchana kweupe, kwa spika, kwa televisheni, kwa jina la Yesu, watu wauza mashamba wanamfuata, watoto watolewa shule, na wengi walijua na wengine walisema wakaonekana wana wivu, mpaka 2023 ndipo msitu wa Shakahola ukaanza kufukuliwa, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake walioambiwa wafunge mpaka wafe, watoto wadogo, makontena ya barafu yakaletwa hospitali kwa sababu mochari imejaa. Mimi nilibeba kwenye tuktuk hii hii wazee waliotoka magharibi ya nchi kuja kutoa DNA, hawajui hata hospitali iko wapi, wamekaa kimya njia nzima na picha ya mjukuu mkononi, na nauli zao nilikataa. Hakuna hata mmoja katika wale waliozikwa kule aliyepelekwa na gitaa. Hakuna aliyevaa fulana ya Sabbath. Halafu leo watu watano wala pweza ufukweni na simu ndani ya sufuria, nyinyi ndio mwashtuka, mwatafuta afisa wa kuwaambia "uchunguzi waendelea". Uchunguzi wa nini? Pilipili?

Kule kwao Ozzy, Birmingham, tarehe 30 Julai jeneza lake lilipitishwa Broad Street, bendi ya matarumbeta mbele, maelfu ya watu barabarani, familia ikashuka kuangalia maua darajani. Daraja lenyewe laitwa Black Sabbath, na lina benchi lenye nyuso zao. Stesheni ya treni ina fahali mkubwa wa chuma aitwaye Ozzy, wananchi ndio walimpigia kura. Huo ni mji umemlilia mtu wake mchana, na hakuna polisi aliyeuliza mishumaa ni ya nini.

Na nikiwa hapo hapo, sisi wetu twawafanyia nini? Zein l'Abdin, mwanataarabu mzaliwa wa Lamu, udi wake aliopiga ulisikika mpaka Ulaya, nionyesheni kichochoro kimoja chenye jina lake. Malindi hapa tuna nguzo ya Vasco da Gama, mtu aliyepita siku chache 1498 akachukua rubani akaenda zake, nguzo yapakwa chokaa na watalii walipa kuiona, lakini wapiga taarabu waliotuimbia harusi zetu zote wafia chumba cha kupanga na nyinyi mwawapa aya mbili chini ya tangazo la mbolea. Kisha mwashangaa mtu wa Malindi amlilia Mwingereza. Huyo angalau twajua alizikwa lini.

Sitaki mniombe radhi ukurasa wa pili kwa herufi za sisimizi. Nataka hivi: mwandishi wenu aje stage yetu yeye mwenyewe, asitume kijana wa atachimenti, aje na rangi ya mafuta nyeupe, kibati cha robo lita chatosha, na brashi nyembamba, si ile ya kupakia ukuta. Ni herufi nne, zile Z mbili zilingane. Aje kabla ya saa tatu asubuhi, jua likipanda rangi yatoka mapovu. Na hiyo nauli ya Muyeye pia ataniletea.

Msomaji wenu, dereva wa tuktuk,
Malindi