Mwambie Kaka asiuguse mkuyu wa Bibi

Khao Yai, Thailand
Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo zangu kwa Bibi, kwa Baba Mdogo na kwa Mama Mkubwa wa Mwandiga. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ile homa imekwisha, usiiwaze. Sauti uliyonitumia kwa simu ya Zuhura nimeisikiliza hadi nimeikariri. Ada ya Idi nimeshaituma kwa namba ya Zuhura, aangalie ujumbe. Mabati yatangoja posho ya mwezi ujao, na mwambie fundi asianze kuezua kabla hela haijafika, yasije yakatukuta ya mwaka ule.

Lakini hili la mkuyu, Mama, limeninyima usingizi.

Mkuyu wa kijitoni uuzwe kwa wachoma matofali, na mimi nisikie kwa Zuhura! Kaka Rashidi ananipigia simu kuniomba hela ya betri ya pikipiki, la mkuyu halitaji. Na Baba Mdogo naye, nimeambiwa alisema kikaoni kwamba aliyekwenda Uzunguni kufuata nyani hana la kutuambia juu ya miti. Limeniuma. Kwanza huku si Uzunguni, ni Asia, na watu wake ni wakulima wa mpunga. Pili, kazi yangu yote huku ni miti. Hao wanyama ndio wanaonipeleka mti hadi mti. Naomba Zuhura akusomee barua hii yote, na Baba Mdogo aitwe akae asikilize.

Wanyama wenyewe wanaitwa giboni. Si nyani wala tumbili. Hawana mkia, ni ndugu wa wale sokwe wa Gombe ila wadogo sana, mkubwa wao hafikii kilo nane. Mikono imewazidi miguu kwa urefu, viganja vyeupe, wengine manyoya meusi na wengine manjano hafifu. Wanaishi dume, jike na watoto wao, na kila familia ina eneo lake la msitu, hekta ishirini na kitu, ambalo hulitangaza kila asubuhi kwa kuimba, jike na dume wakipokezana. Mtu akiwasikia mara ya kwanza husimama.

Mimi natoka kambini usiku ili saa kumi na mbili asubuhi wakiamka nikute wako juu yangu. Kuanzia hapo nawafuata. Kila mti wanaokula nauandika: wamekula nini, tunda bivu au jani changa, ua au kiwavi, na kwa dakika ngapi. Tunapofanyia kazi panaitwa Mo Singto, na hapo kuna hekta 30 ambazo kila mti wenye unene wa sentimita moja na kuendelea una kibati chenye namba. Wakishuka wanafunzi wapya kutoka Bangkok, mwalimu wangu hunikabidhi mimi nitoke nao. Naokota ganda chini nikawaambia ni la mti gani kabla hawajainua macho juu. Mtoto wa Kigoma, Mama! Mwalimu alilisema hilo mbele ya wageni wa idara nzima, na nilitamani mngekuwepo mlisikie.

Sasa nisikilizeni kuhusu chakula chao. Mwezi wa tano mvua zinapoanza, msitu huu unajaa. Unaiva mti wa jamii ya shokishoki, wa porini. Mke wa Mjomba wa Unguja anayajua, mwulizeni. Giboni huuvamia. Humenya kwa meno na kumeza nyama pamoja na mbegu, na mbegu ile huidondosha mbali na mama yake wakishaisaga nyama tumboni. Miche mingi ya msitu huu imepandwa hivyo. Katikati ya masika unafuata mti mwingine, kitabuni unaitwa Choerospondias, tunda lake chachu lina kokwa ngumu. Wao hulila juu, na yanayoanguka huliwa chini na wanyama wakubwa wa huku wanaofanana na swala. Miezi hiyo giboni wana nafasi ya kila kitu. Wanashiba mapema, wanakaa kuchambuana manyoya, watoto wanakimbizana matawini mpaka nachoka kuandika.

Kisha inakuja baridi, miezi hii tuliyo nayo. Mvua zimekatika, usiku ni wa kulala na sweta mbili. Matunda mengi hayapo. Giboni wanabadilika: michezo inapungua, wanaamka wakichelewa kidogo, na alasiri jua likiwa bado juu wameshapanda mti wa kulala. Saa tisa mimi nimebaki peke yangu na daftari. Wanakula majani machanga zaidi. Lakini jani halimtoshi giboni. Mbega wa milimani kwetu ana tumbo la vyumba, majani yanachacha humo ndani na kumpa nguvu, ndiyo maana anaweza kushinda kwenye majani. Giboni hana tumbo hilo. Tumbo lake ni la kawaida, la mla matunda, na mwili wake unataka sukari ya kurukia.

Kinachowavusha ni mikuyu. Hapa ndipo nilipokuwa nikienda, Baba Mdogo.

Jamii ya mkuyu huku ina aina nyingi, mingine huanzia juu ya mti wa wenzie na kuteremsha mizizi hadi chini. Yote ina tabia moja: haizai pamoja. Leo huu una kuyu mabichi, ule wa bondeni yameiva, wa tatu umeshamaliza. Ukizunguka msitu mwaka mzima hukosi mkuyu wenye kuyu. Na sababu yake mmeiona wote kwa macho yenu. Mnakumbuka Bibi alivyokuwa akitupasulia kuyu, akapuliza wadudu kabla ya kutupa? Wale ni nyigu wadogo mno. Maua ya mkuyu yamo ndani ya kuyu lenyewe, na nyigu huyo ndiye anayeingia kwa tundu la kichwani kuyachavusha, akataga mayai humo. Kila aina ya mkuyu ina nyigu wake. Nyigu mzima anaishi siku moja au mbili tu, kwa hiyo wakitoka kwenye kuyu hili lazima wakute mkuyu mwingine wenye kuyu changa, la sivyo wamekwisha. Mikuyu ingezaa kwa msimu mmoja kama miembe, nyigu wangekufa na mikuyu isingezaa tena.

Wiki hii nilikaa chini ya mkuyu mmoja tangu alfajiri. Jike alifika wa kwanza na mtoto kifuani. Akaning'inia kwa mkono mmoja kwenye ncha ya tawi jembamba ambalo mnyama mzito zaidi hawezi kulifikia, na kwa mkono mwingine akawa anachuma. Yaliyoiva tu. Mabichi aliyaacha hata yaliyokuwa mbele ya mdomo wake. Baada yao walikuja hondohondo, kindi wakubwa, njiwa. Wote kwenye mti mmoja, asubuhi ambayo miti mingine yote jirani haina kitu.

Sasa rudini kijitoni kwetu. Mkuyu wa Bibi unazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mara nyingine ni kiangazi cheupe, mwezi wa nane, kila kitu kimekauka. Hondohondo tunaowasikia asubuhi wanafuata nini pale? Popo wa jioni? Hata sokwe wa Gombe wanakula kuyu. Mnataka wachoma matofali waunguze mti huo kwa siku ngapi? Tena mbao yake ni nyepesi, haikai motoni, na wao wanaijua, ndiyo maana wanataka kuupata kwa bei ya bure. Kaka atapata hela ya kula wiki moja. Na pale chini ya mizizi ndipo Bibi alipochotea maji tangu aolewe.

Mimi sikatai kwamba nyumba inahitaji fedha. Kaka aniambie kiasi walichokitaja, chote, na mimi nitakilipa kidogo kidogo. Nitakilipa kweli, Mama, unanijua. Ila mkuyu ubaki umesimama, na lisemwe mbele ya Bibi na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ili lisirudiwe tena nikiwa mbali.

Huku chakula ni kizuri, samaki wapo, wali upo wa kila namna, pilipili zao zinatoa machozi. Lakini Mama, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese! Juzi nilinusa mafuta jikoni kwa jirani nikadhani ni mawese, nikasimama mlangoni kwake bila sababu. Anayekuja Dar mwezi wa tatu ni yule mwenzangu wa Morogoro. Nitawapa namba yake, mumpe dagaa wakavu, wale wadogo wa Mwamgongo, wafungwe vizuri wasitoe harufu kwenye ndege.

Kaka anipigie Jumapili. Saa kumi na mbili jioni kwenu huku ni saa nne usiku, nitakuwa macho namsubiri. Na Baba Mdogo akitaka kuzungumza nami, simu apewe naye. Nitamwamkia kwanza, kisha nitamwuliza kuhusu huo mkuyu.

Mwanao,
Zawadi